Chumvi haiui kolera: maneno juu ya maji yanayochemka na maji yanayoganda



Juma lililopita, tulipokuwa tukichambua mchele baada ya mkutano, neno moja dogo lilituchelewesha kurudi nyumbani. Mama mmoja kijana wa kikundi chetu alisema kwamba yeye hapotezi tena kuni kwa maji ya kunywa. Maji yakishapata moto, anatupa ndani kijiko kimoja cha chumvi. Palepale yanafoka mapovu, naye anaepua sufuria. "Yamekwisha kutokota," alisema, "na chumvi imeua vijidudu." Mama mwingine akasema nyumbani kwao wanafanya hivyo pia. Wa tatu alikaa kimya kidogo, kisha akauliza kama ndiyo sababu watoto wake wanaharisha, ingawa yeye huweka maji motoni kila siku.

Hatukumcheka mtu. Wengi wetu tumefundishwa kwamba chumvi inaongeza nguvu ya maji, na neno hilo lina ukweli kidogo ndani yake. Ukweli mdogo ndio unaodanganya kuliko uongo mtupu. Kwa hiyo juma hili tumeamua kueleza polepole kitu gani hasa chumvi na sukari zinabadilisha katika maji, kitu gani hazibadilishi, na kwa nini jambo hili linagusa afya ya watoto wetu.

Kutokota ni nini

Maji yametengenezwa na chembe ndogo sana ambazo jicho halizioni. Moto unapozipa nguvu, zinataka kutoka na kuwa mvuke. Lakini hewa iliyo juu yetu inayakandamiza maji. Nguvu ya mvuke ikifikia nguvu ya hewa, mvuke unajitengeneza hata chini kabisa ya sufuria, nao unapanda kwa mapovu makubwa yasiyokoma. Huko ndiko kutokota.

Kando ya bahari, maji matupu yanatokota yakifika nyuzi 100 za joto. Hapa kwetu kusini mwa Maniema tuko mita zaidi ya 600 juu ya bahari, hewa inakandamiza pungufu kidogo ya vile inavyokandamiza kando ya bahari, na maji yanatokota kwenye nyuzi karibu 98. Huko Bukavu na Goma, kwenye mita karibu 1,500, yanatokota kwenye nyuzi 95 hivi. Ndiyo sababu ndugu zetu wa milimani wanalalamika kwamba maharagwe yao yanachelewa kuiva.

Sasa tia chumvi. Chumvi inayeyuka, inapotea machoni, lakini haikuondoka. Chembe zake zimesimama katikati ya chembe za maji, na moto wa jikoni hauwezi kuzigeuza mvuke. Fikirieni watu wanaotoka msikitini au kanisani kwa mlango mmoja, na katikati yao wamesimama watu wengine wasiotaka kutoka. Wanaotoka watachelewa, itabidi wasukume zaidi. Maji yenye chumvi nayo yanahitaji joto zaidi kidogo ili yatokote. Kwa hiyo chumvi haiharakishi kutokota. Inakuchelewesha.

Lakini inakuchelewesha kwa kiasi gani? Hapo ndipo penye jibu la swali letu. Kijiko kimoja cha chai cha chumvi, gramu 6 hivi, katika lita moja ya maji, kinapandisha joto la kutokota kwa sehemu moja ya kumi ya uzi mmoja tu. Hakuna mkono unaoweza kuhisi tofauti hiyo, wala kidudu kinachoweza kufa kwa ajili yake. Maji ya bahari, ambayo hayanyweki, yana gramu 35 hivi za chumvi kwa kila lita, nayo yanazidi maji matupu kwa nusu uzi tu au zaidi kidogo. Mama wa Bukavu akitaka sufuria yake ipate joto la sufuria ya Kasongo kwa njia ya chumvi, angehitaji gramu karibu 170 kwa lita moja. Nani angekula chakula hicho?

Mtu aliyepima mambo haya kwa uangalifu ni Mfaransa François-Marie Raoult, mwalimu wa mji wa Grenoble, katika miaka ya 1880. Aliona kwamba kinachofanya kazi ni wingi wa chembe zilizoyeyuka. Chembe za chumvi ni nyepesi, na kila moja ikiingia majini inagawanyika mara mbili. Chembe ya sukari ni nzito, nayo inabaki moja. Kwa hiyo ukipima uzito sawa, chumvi inabadilisha kutokota kwa maji karibu mara 12 kuliko sukari. Wekeni neno hili akilini, tutalirudia tukifika kwenye barafu.

Mapovu yanayodanganya

Basi kwa nini maji yanafoka mama anapotupa chumvi? Ni kwa sababu ya punje, siyo kwa sababu ya joto. Maji yaliyo karibu kutokota yana mvuke na hewa vinavyotafuta mahali pa kuanzia povu. Punje ya chumvi ina pembe na mashimo madogo, na hapo mapovu yanazaliwa mengi kwa mara moja. Tupeni mchanga safi uliooshwa katika sufuria nyingine yenye maji ya moto vilevile, mtaona yanafoka pia. Baada ya muda mfupi mapovu yanatulia, kwa sababu maji hayakuwa yametokota. Mama aliyeepua wakati huo ameepua maji ya moto tu.

Na chumvi yenyewe, je, haiui? Kijiko kimoja hakiui. Tena kidudu cha kolera, au kipindupindu, kinaipenda chumvi kidogo. Kinaishi vizuri katika maji ya mwambao, pale mito inapochanganyika na bahari. Kumtilia chumvi kidogo ni kama kumkaribisha mgeni kwa chakula cha kwao. Sisi tunaochota Lualaba, Luama na vijito vyake, tunaojua kolera inavyopita kijijini wakati wa mvua, tusimpe nafasi hiyo.

Kinachoua ni kutokota kwenyewe. Nyuzi 98 za hapa kwetu zinatosha kabisa. Tufanye hivi:

Kwanza, kama maji yana matope, tuyaache yatulie, kisha tuyachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa.

Pili, tuyaweke motoni katika sufuria yenye mfuniko, bila chumvi wala kitu kingine.

Tatu, tungojee mapovu makubwa yanayopanda kutoka chini na yasiyokoma hata ukikoroga kwa mwiko. Yakifika hapo, tuhesabu dakika moja kamili. Asiye na saa ahesabu polepole mpaka 60, na aongeze kidogo kwa usalama.

Nne, tuyaache yapoe ndani ya sufuria ileile, na mfuniko juu. Tuyatie katika bidoni iliyooshwa, yenye mdomo mwembamba, ili asiwepo mtu wa kuchovya kikombe wala mkono.

Mtu atauliza: na kuni? Kuni zinapotea mahali pengine. Zinapotea sufuria ikiwa wazi. Zinapotea tena tunapoendelea kuchochea moto mkubwa baada ya maji kutokota. Maji yakishatokota, hata mkiongeza kuni kumi hayatapita nyuzi 98. Moto wa ziada unatoa mvuke tu na kukausha sufuria. Maharagwe na sombe vinaiva sawasawa kwa moto mdogo unaoshikilia kutokota kama kwa moto mkubwa unaomwaga mchuzi. Punguzeni kuni, funikeni sufuria, na siku chache tu mtaona lundo la kuni linakaa zaidi.

Mvuke unaondoka, chumvi inabaki

Hapa tunakuja kwenye jambo ambalo bibi zetu walilijua kabla ya Raoult kuzaliwa. Maji yenye chumvi yakichemka, mvuke unaotoka ni wa maji peke yake. Chumvi haipandi na mvuke. Inabaki chini, na maji yaliyobaki yanazidi kuwa makali.

Mahali pengi katika bonde la Kongo, wazee wetu waliishi kwa kazi hiyo. Walikata majani yanayoota majini, wakayakausha, wakayachoma, wakapitisha maji katika majivu yaliyowekwa ndani ya chungu chenye matundu, kisha wakachemsha maji hayo mpaka ikabaki chumvi ya kijivu chini ya chungu. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kule Uvinza karibu na mto Malagarasi, ziko chemchemi za maji ya chumvi. Watu walichemsha maji hayo katika vyungu tangu zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, na wataalamu waliochimba pale mwaka 1967 walikuta mabaki ya kazi hiyo. Chumvi ya Uvinza ilibebwa mbali na wafanyabiashara wa misafara, ikapita Ujiji na kuzunguka ziwa. Na huko Kibiro, kando ya Ziwa Albert nchini Uganda, kuchemsha chumvi ni kazi ya wanawake tangu karne nyingi. Kila mwanamke ana kiwanja chake cha udongo wa chumvi, anachorithi kutoka kwa mama au shangazi. Anakusanya udongo, anauchuja kwa maji, anachemsha mpaka chumvi inajitokeza.

Wanawake wale walijua jambo tunalopaswa kulijua nasi: kadiri unavyochemsha, ndivyo chumvi inavyozidi nguvu katika kinachobaki. Lita moja ya maji inaweza kubeba chumvi gramu 360 hivi, halafu haipokei tena. Maji yaliyoshiba namna hiyo yanatokota kwenye nyuzi 108 na zaidi kando ya bahari. Hapo ndipo tofauti inaonekana wazi, na hapo maji yanaunguza kuliko maji matupu.

Kwa nini tunazungumza habari hii kwa mama mwenye mtoto mgonjwa? Kwa sababu ya maji ya kurudishia nguvu.

Mtoto anayeharisha anapoteza maji na chumvi. Tunampa SRO, pakiti moja katika lita moja ya maji safi, jinsi nesi anavyoonyesha. Pakiti ikikosekana, tunatengeneza wenyewe: lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vimesawazishwa juu, visiwe na kilima. Nguvu yake yote iko katika kipimo. Ukizidisha chumvi, unamwumiza mtoto. Damu yake inakuwa na chumvi nyingi, anaweza kupata kiu kali, kulegea, hata kushikwa na degedege.

Sasa sikieni kosa ambalo mama mwema anaweza kulifanya kwa kutaka usafi. Anachanganya SRO, kisha anaiogopa kwa kuwa hakuchemsha maji, halafu anaiweka motoni ichemke. Au inabaki jioni, asubuhi anaichemsha upya. Mvuke unaondoka, chumvi inabaki. Lita moja ikibaki nusu lita, chumvi imekuwa mara mbili. Mtoto hatajua kueleza, atakunywa tu.

Kwa hiyo mpango ni mmoja, wala usigeuzwe: chemsha maji kwanza, yaache yapoe, pima lita moja, ndipo uchanganye. Ukishachanganya, usichemshe tena. Mpe mtoto kidogo kidogo kwa kikombe au kijiko, endelea kumnyonyesha, na ikibaki baada ya saa 24 imwage, utengeneze nyingine. Mtoto akilegea, macho yakididimia, akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, au ukiona anahara maji kama maji ya mchele, usingoje kesho. Mbebe mpaka kituo cha afya huku ukimnywesha njiani.

Sukari inayounguza kuliko maji

Baadhi yetu tunapika karanga za sukari na kuziuza shuleni na sokoni. Kazi hiyo inalisha nyumba nyingi, na sisi tunaisifu. Lakini tujue hatari yake.

Kilo moja ya sukari katika lita moja ya maji inapandisha joto la kutokota kwa uzi mmoja na nusu tu hivi. Mama anaona ni sawa na chai. Lakini tunapoendelea kupika, maji yanatoka na sukari inabaki, kama chumvi ya Kibiro. Maji yakipungua sana, joto linapanda haraka: nyuzi 110, 120, 140. Sukari inapoanza kuwa nyekundu na kunukia, imepita nyuzi 150. Maji ya chai yakimwagikia mkono yanateremka. Sukari iliyokolea inanata kwenye ngozi, inaendelea kuunguza wakati unahangaika kuitoa.

Basi tuwe na sheria ya jiko. Siku ya kupika sukari, watoto wasikae karibu na mafiga. Mpini wa sufuria ugeuzwe upande wa ndani. Ndoo ya maji safi ya baridi iwe karibu. Mtu akiungua, weka sehemu hiyo katika maji safi ya baridi, au mwagia polepole kwa muda wa dakika 20. Usiweke barafu, usipake dawa ya meno, mawese, majivu wala unga. Usivunje malengelenge. Funika kwa kitambaa safi, na uende kituo cha afya kama ni uso, mkono, sehemu za siri, au kama jeraha limepita ukubwa wa kiganja cha mgonjwa.

Maji yanayoganda

Tumesema habari za moto, sasa tuseme habari za baridi. Wako wenzetu walionunua frigo kwa pamoja, zinazotumia jua au jenereta, wanaouza maji ya tangawizi, ya nanasi na ya ngai-ngai katika vifuko. Wanatuuliza: kwa nini vifuko vyangu haviwi vigumu kama vya jirani? Je, frigo imeharibika?

Mara nyingi frigo ni nzima, sukari ndiyo inayozuia. Maji matupu yanaganda yakifika sifuri. Ili yagande, chembe zake zinajipanga kwa mistari, kama matofali. Chembe za sukari zinasimama katikati ya mistari hiyo, hazina nafasi katika ukuta. Inahitajika baridi zaidi. Gramu 200 za sukari katika lita moja zinashusha kuganda kwa uzi mmoja hivi chini ya sifuri. Ni kidogo, lakini haiishii hapo. Maji yakianza kuganda, barafu inayojengwa ni ya maji matupu, sukari inasukumwa nje. Maji yakiganda nusu, sukari yote imebaki katika nusu nyingine, imekuwa na nguvu mara mbili. Yakiganda robo tatu, imekuwa mara nne, na sasa inataka nyuzi 4 chini ya sifuri. Frigo dhaifu haifiki hapo. Kifuko kinabaki laini.

Mtawauliza watoto, watawaambia: wanafyonza utamu wote mwanzoni, mwishoni inabaki barafu isiyo na ladha. Ni jambo lilelile. Sehemu yenye sukari nyingi inaganda mwisho na kuyeyuka kwanza.

Mama anayetaka vifuko vigumu kwa mafuta machache ya jenereta apunguze sukari, aache vinywaji vipoe kabla ya kuviweka ndani, na asijaze frigo kwa mara moja. Apime sukari kwa kikombe kilekile kila siku, ili ajue faida yake na wateja wapate ladha moja.

Lakini yako maneno mawili makubwa kuliko faida. La kwanza: barafu haiui. Vijidudu vingi vinalala katika baridi na kuamka barafu inapoyeyuka mdomoni mwa mtoto. Maji ya kijito ambayo hayakuchemka, yakigandishwa na kutiwa sukari na rangi, ni maji ya kijito bado. Anayeuza vifuko anawanywesha watoto wa kijiji kizima. Achemshe maji yake dakika ile moja kwanza.

La pili: msiigandishe SRO katika vifuko ili mtoto afyonze kama peremende. Mmeona jinsi kifuko kinavyotoa utamu wote mwanzoni. SRO iliyoganda nayo itatoa chumvi nyingi mwanzoni na maji matupu mwishoni. Kipimo kimeharibika ingawa hakuna aliyeongeza kitu.

Chumvi juu ya barafu

Kuna desturi ya kunyunyiza chumvi kwenye barafu ili vinywaji vipoe upesi siku ya arusi. Inafanya kazi kweli. Chumvi inalazimisha barafu kuyeyuka, na barafu inapoyeyuka inanyonya joto kutoka kila kitu kilicho karibu. Barafu iliyopondwa ikichanganywa vizuri na chumvi nyingi inaweza kushuka mpaka nyuzi 21 chini ya sifuri. Ndivyo watu walivyotengeneza aiskrimu zamani bila umeme. Chupa zitapoa, lakini msiache watoto washike mchanganyiko huo. Unachoma ngozi kama moto.

Na msifanye hivyo kamwe katika sanduku la chanjo. Baadhi ya wanachama wetu ni wahamasishaji wa afya, wanasaidia kubeba sanduku siku ya chanjo vijijini. Mtu mwenye moyo mzuri anaweza kusema: safari ni ndefu, jua ni kali, tuongeze chumvi barafu iwe na nguvu. Chanjo hutaka baridi ya kati ya nyuzi 2 na 8 juu ya sifuri. Ile ya pepopunda, na ile ya sindano moja inayokinga magonjwa matano, zikiganda mara moja zinaharibika, hata kama baadaye zinaonekana nzuri. Mtoto atachomwa sindano, atalia, mama atafurahi kwamba amekingwa, kumbe hakukingwa. Barafu ya sanduku la chanjo iachwe jinsi nesi alivyoipanga.

Turudi jikoni

Akina mama, tulimwuliza yule mama kijana kama anaweza kubadilisha desturi yake. Akajibu kwamba akijua sababu, hana shida, na kwamba chumvi aliyokuwa akitupa sasa itamfaa katika sombe. Tulipenda jibu hilo. Yule mwenye watoto wanaoharisha alipanga kwenda kituo cha afya kesho yake, na wawili wetu wakaahidi kumsindikiza.

Tukifupisha: chumvi kidogo haibadilishi kutokota kwa maji, wala haiui kidudu. Kutokota kwa kweli kunaua. Mvuke na barafu vinachukua maji na kuacha chumvi na sukari nyuma, kwa hiyo kilichopimwa kwa ajili ya mtoto kisichemshwe wala kugandishwa baada ya kupimwa.

Tunaomba kila kikundi kifanye jaribio hili juma hili mbele ya wanachama: sufuria mbili zenye maji sawa, mafiga mawili, kuni sawa, moja ifunikwe na nyingine iachwe wazi. Hesabuni ni ipi inayotokota kwanza. Mje na majibu kwenye mkutano, nasi tutayaandika hapa. Na mama mwenye mabinti wakubwa awaite waangalie nao, kwa sababu kesho wao ndio watakaochota na kuchemsha.

Mpaka juma lijalo, tubaki na afya.